Mtoto wa dada yangu kapigwa na askari, ana miaka 15, majirani wasema wamefanya vyema. Nifanyeje?

Mama Swafiya, Kisauni

Assalam aleykum, habari zenu nyote. Naandika hapa nikiwa nimeketi pembeni ya kitanda cha mtoto wa dada yangu, goti limefura mpaka suruali ya shule haivuki, na sijalala tangu juzi, kwa hivyo nikiandika ovyo mnistahimili.

Alhamisi baada ya isha nlimtuma dukani, maziwa pakiti moja na dawa ya mbu ile ya kuwasha, duka si mbali hata nikisimama mlangoni naliona taa yake. Saa mbili na kitu hivi. Nikangoja, nikangoja, nikajua labda amesimama na wenziwe pale kwenye kibanda cha mpira. Mara nasikia watu wakimbia, mabati yagongwa, kutoka nje naambiwa askari wameshuka wanashika vijana wote. Kufika dukani nakuta pakiti ya maziwa imepasuka chini na ndara moja yake. Moja tu.

Nilikwenda kituoni usiku ule ule, nikaambiwa hakuna mtoto hapa nenda nyumbani. Asubuhi nikarudi na dadangu, saa nne ndio wakamtoa, amelala chumba kimoja na wanaume wazima, mmoja amelewa amemtapikia. Hakuna kosa aliloandikiwa, hakuna chochote, "mchukueni mwende." Asema walilazwa chini kifudifudi, akaulizwa wewe ni wa genge gani, akasema mie nimetumwa maziwa, ndipo rungu likashuka gotini. Mara tatu. Ya nne ilikuwa mgongoni.

Sasa kilichoniuma zaidi ya hilo goti. Jana majirani wamekuja kunipa pole, na wengine katika hao hao waliokuja kunipa pole wasema lakini Mama Swafiya, afadhali hivyo, watoto wa siku hizi wametushinda, wacha wapigwe. Na mie siwezi kusema hawana haki ya kuogopa, maana wiki mbili nyuma nlijificha chini ya meza yangu ya viazi karai na mafuta yachemka juu yangu, vijana wamepita na mapanga kama kumi na tano hivi, mmoja sauti yake bado ya kitoto. Naujua uoga huo. Lakini huyu wangu alikwenda maziwa.

Nauliza mambo mawili. Nianzie wapi, maana dadangu asema tunyamaze wasije wakamrudia. Na la pili, hivi kweli sisi watu wa hapa tumekubali kwamba mtoto yeyote wa kiume wa miaka 15 akiwa nje usiku ni halali yake kuvunjwa?

Abuu Tuktuk

Pole sana mama, Mungu amponye kijana. Mie ntasema ukweli wangu hata kama hutaupenda na naomba usinichukulie vibaya.

Mkono wangu wa kushoto vidole viwili havikunji. Nlikuwa nashusha abiria, mama na mtoto mchanga, saa moja na nusu tu magharibi imetoka sasa hivi, wakaja. Watoto. Nasema watoto kwa sababu nliwaona nyuso, hakuna hata mmoja aliyekuwa na ndevu. Nliinua mkono nijikinge panga likashukia hapa katikati ya vidole na kiganja, na yule aliyenikata alikuwa akilia wallahi, analia huku anakata, sijui alikuwa amekula vidonge gani. Simu walichukua, pesa 1,400 walichukua, na yule mama walimvua hata ushungi watafute hereni.

Nimeshona, nimekaa miezi minne bila kuendesha, mke amekopa mpaka kwa watu ambao hatusalimiani tena. Leo ukiniambia askari wameshuka mtaani mie moyo wangu watulia, siwezi kukudanganya. Usiku askari ana watoto ishirini mbele yake, umri haukuandikwa kwenye paji la uso, aulize kila mmoja cheti cha kuzaliwa? Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi tumewachelea, sasa twalia sisi.

Sisemi mtoto wako alistahili. Nasema mkianza kuwafunga askari mikono, kesho hao wenye mapanga ndio watakaoshukuru.

Bi Mwanaisha (msaidizi wa sheria)

Mama Swafiya, kwanza mambo ya haraka kwa sababu siku zaenda na uvimbe washuka.

Mpeleke hospitali ya serikali leo, si kesho, na uhakikishe daktari ameandika kila kitu kwenye kitabu, aandike alivyosema mtoto mwenyewe kwamba amepigwa na rungu na nani. Omba picha ya goti, eksirei. Piga picha na simu yako pia, goti na mgongo, kwenye mwanga wa dirisha, na ile ndara na suruali usifue, weka kwenye mfuko. Halafu uripoti upewe namba ya OB, yaani ya ripoti yako kwenye kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3, ile daktari huandika majeraha. Fomu hiyo ni bure, atakayekuitisha pesa mwandike jina. Ukiogopa kituo kile kile nenda kingine, ripoti yapokelewa kituo chochote, na usiende peke yako, nenda na mzee wa mtaa au na watu wa haki za binadamu, hapa Mombasa tuna HAKI Africa na MUHURI na hawatozi. Kisha IPOA, mamlaka huru inayochunguza makosa ya polisi, wana ofisi hapa Mombasa, malalamiko yapokelewa hata kwa barua na mtu yeyote aweza kupeleka, si lazima awe mzazi.

Sasa nimjibu kaka Abuu na namwambia kwa heshima kwa sababu mkono wake wauma kweli. Kaka, hakuna anayemfunga askari mikono. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 53 yasema mtoto asizuiliwe isipokuwa imeshindikana njia nyingine zote, na akizuiliwa iwe kwa muda mfupi kabisa na atengwe na watu wazima. Huyu amelazwa chumba kimoja na mlevi. Sheria ya polisi ya 2011 nayo yataka askari ajaribu kwanza bila nguvu, na nguvu ikibidi iwe kiasi cha kile kinachomkabili. Kijana amelala kifudifudi anakabili nini? Na sheria hiyo hiyo yasema kusema "niliamriwa na mkubwa wangu" si kinga. Wewe waomba askari apambane na panga, sheria haimkatazi hilo. Yamkataza goti la aliyetumwa maziwa.

Na nikwambie kwa nini mie sinyamazi. Mie ni wa Kinango, kule Kwale. Agosti 2014 askari waliingia usiku nyumbani kwa watu kijiji cha Maweu, wanamtafuta mjomba wa msichana wa pale, aliyetakiwa kwa mauaji. Aliyekufa ni Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14, kwa risasi, ndani kwao. Maelezo yaliyotoka ya mwanzo ni kwamba aliwashambulia kwa panga. Panga! Neno hilo hilo. Watu wengi waliamini siku zile, hata kwetu huko, waliamini kabisa, kwa sababu ukishasema panga basi mazungumzo yamekwisha. Familia haikukubali, IPOA ikachunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawatia hatiani askari wawili kwa kuua bila kukusudia, miaka saba saba kila mmoja. Ile familia haikuwa na pesa wala jina. Walikataa kunyamaza tu.

Mwambie dada yako hilo la Kinango.

Mwana Kiamaiko

naona mnaongea mambo ya Pwani na mie niko Nairobi lakini niruhusuni. Sisi hapa Kiamaiko tunaishi na Yassin. Machi 2020, kafyu ya korona ilikuwa na siku tatu nne hivi tangu ianze, tarehe 30 usiku, askari wako chini barabarani wanafukuza watu, Yassin Moyo amesimama baraza ya juu kwao ghorofani na ndugu zake wanaangalia. Miaka 13. Risasi ikamkuta pale pale kwao. Wazazi wake wakambeba. Tuliambiwa risasi imepotea njia. Ikabidi uchunguzi ufanyike mpaka afisa mmoja akapelekwa kortini kwa mauaji mwaka huo huo.

nyie wa Mombasa mnakumbuka kafyu ilivyoanza kwenu pale Likoni kwenye feri, watu wametoka kazini wamebanwa foleni hata saa moja jioni ya kafyu haijafika na wanapigwa na kutupiwa gesi ya machozi. Rais Uhuru aliomba radhi kwa taifa siku zile. Akaomba radhi, halafu?? Mimi nilifikiri baada ya Yassin basi, hakuna mtoto mwingine. Juni 2024 maandamano ya mswada wa fedha, Rongai, Kennedy Onyango, miaka 12, risasi. Julai 7 2025, maandamano ya Saba Saba, Bridgit Njoki, 12, Ndumberi kule Kiambu, alikuwa ndani anaangalia tivii risasi ikapita kwenye bati. Siku mbili baadaye rais Ruto anasema hadharani wanaochoma mali za watu wapigwe risasi ya mguu. Nikajiuliza mguu wa nani. Maana hao watoto watatu niliowataja hakuna aliyechoma kibanda cha mtu.

Bro Abuu nimesoma ya mkono wako nimenyamaza dakika kadhaa. Lakini ukisema umri haukuandikwa usoni mie nasikia pia kwamba hatia haikuandikwa usoni. Hilo hilo giza lako ndilo linalonifanya niogope.

Afande mstaafu

Nimetumikia miaka 26, nimestaafu, naishi zangu shambani Kilifi. Sipendi kuandika mitandaoni lakini hili nalijua kutoka ndani.

Mkubwa amepigiwa simu na wakubwa wake, mtaa umekatwa mapanga, wanasiasa wanapiga kelele redioni, anataka kuonekana kazi imefanyika. Anakusanya askari kumi na wawili, wengine hawajala tangu asubuhi, wengine ndio kwanza wametoka chuo na hawajui Kisauni waingie wapi wazunguke wapi. Na wanaogopa, raia hawajui hilo, askari anaogopa, amesikia mwenzake alikatwa. Unaambiwa shukeni mfagie. Neno ni hilo, kufagia. Ukishaambiwa kufagia huchagui. Unafagia wa maziwa na wa panga wote pamoja, unawapiga, unawalaza, asubuhi unawaachia kwa sababu huna cha kuwapeleka nacho kortini.

Sikilizeni hapo. Huna cha kuwapeleka nacho. Hakuna aliyeandika nani alikamatwa wapi na nini mkononi. Hilo panga lililookotwa liko nyuma ya gari na mapanga mengine, halijulikani ni la nani. Ukimpeleka mtu kwa hakimu ndani ya zile saa 24 za kisheria utaulizwa huyu alikuwa na nini, umjibu nini? Nimesimama mahakamani mara ngapi nikitazama chini. Wale wakali wenyewe walikuwa wakinicheka wakitoka kizuizini, maana walijua mchezo, utapigwa makofi, utalala, utatoka. Wale wa maziwa ndio waliotoka wakilia.

Afisa mmoja mpelelezi nliyefanya naye kazi, alikuwa akikaa na mama wauza mahamri alfajiri, na walimu, na makonda, anaandika majina kwenye kijitabu. Katika wiki tatu alishika wanne, wanne tu, na vitu vya wizi ndani ya nyumba zao, na mashahidi waliokubali kusema. Wanne hao walifungwa. Mtaa ule ulinyamaza karibu mwaka mzima. Hakupandishwa cheo, maana wanne si wengi kwenye ripoti, mwenziwe aliyefagia vijana hamsini kwa usiku mmoja ndiye aliyetajwa.

Mama Swafiya, nikupe neno la kiaskari. Kumbuka saa, namba ya gari kama kuna aliyeiona, na nani alikuwa zamu pale mezani ulipoambiwa mtoto hayupo. Mtu wa zamu ana jina. Kitabu cha OB kina kurasa zenye namba. Kama mtoto hakuandikwa, hilo lenyewe ni kosa na ni rahisi kulithibitisha kuliko rungu.

kijana_mtopanga

nina miaka 17 form 3. mimi sijui mambo ya sheria nataka kusema tu vile huwa.

ukiwa kijana huku kuna njia hupiti na kuna nguo huvai. kofia ya jaketi hatuvai usiku. ukiona taa za gari zinakuja polepole usikimbie na usisimame, unatembea tu na mikono iwe nje. hii alinifundisha kakangu nikiwa darasa la saba. halafu hao wenye mapanga nao wana njia zao, ukipita wanakuuliza wewe ni wa upande gani, ukisema sina upande wanakupiga. rafiki yangu mmoja aliingia kwao kwa sababu hiyo tu, alisema nikipigwa na askari napigwa kama mwizi na nikipigwa na hawa napigwa kama adui, bora nichague moja nipate watu wa kunitetea. tulikuwa tunakaa dawati moja. sasa hivi hatuongei.

nimeshikwa mara mbili. mara ya pili walinivua mshipi na viatu wakaninusa vidole kama nimevuta. nilikuwa nimetoka kwa mwalimu wa hesabu, nilikuwa na kitabu. walikitupa mtaroni. sikumwambia mama kuhusu kupigwa, nilimwambia kuhusu kitabu kwa sababu kilikuwa cha shule na lazima kilipwe.

huyo kijana wenu mwambieni asiache kutoka nje kabisa. mie niliacha wiki mbili na ilikuwa vibaya zaidi.

Abuu Tuktuk

Nimesoma yote nikiwa nimepaki hapa stejini, abiria wawili wameniacha wakapanda nyingine.

Mie sijageuka nikawa mtu mwingine, nikisikia kelele usiku bado mkono wangu wakakamaa na bado nataka hao watu wakamatwe. Lakini afande, ulivyosema hujui ulivyonigusa. Wale walionikata. Mmoja namjua kwa sura, ana alama ya moto hapa shingoni. Alishikwa. Nliambiwa ameshikwa nikafurahi nikanunua soda. Baada ya siku mbili namuona kwenye kona amesimama, uso umefura, amepigwa kweli kweli, akanitazama akacheka. Hakuna mtu aliyeniita niandike maelezo. Hakuna aliyekuja kuuliza wewe Abuu wamjua nani. Mkono wangu ndio ushahidi na haukuwahi kuonwa na mtu yeyote isipokuwa daktari.

Nilikuwa nikilaumu mahakama miaka yote hii, kumbe kesi haikufika.

Mama Swafiya, nlisema yale ya mchelea mwana. Naomba radhi kwa hilo, halikuwa mahali pake. Hospitali utakwenda na nini? Goti kama hilo huwezi kumpandisha matatu. Mie niko Bakarani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, sitaki nauli.

Mama Swafiya, Kisauni

Nimewasoma nikamsomea dadangu kwa sauti. Ilipofika ya Kwekwe alinyamaza akaniambia rudia, nikarudia, akaenda kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwenye sanduku.

Tumekwenda leo. Kaka Abuu alituchukua, akaendesha polepole kila tuta, Mungu amlipe. Eksirei yaonyesha mfupa haukuvunjika vipande ila kuna ufa kwenye kile kifupa cha mbele ya goti, amefungwa, wiki sita. Daktari ameandika yote, hata aliuliza mtoto mara mbili na kuandika maneno yake. Tulikwenda kituo kingine na mzee wa mtaa na kijana mmoja wa haki, tumepata namba ya OB na P3, walituweka kwenye benchi muda mrefu lakini wameandika. Kesho saa tatu tunakwenda IPOA.

Afande, lile la mtu wa zamu nimelikumbuka, alikuwa mwanamke, mrefu, alikuwa akinywa chai kwenye kikombe chekundu cha plastiki aliponiambia hakuna mtoto hapa. Hilo laweza kusaidia? Na kuna jirani mmoja, katika wale wale waliosema wacha wapigwe, amekuja jioni hii amesimama mlangoni hakuingia, asema mwanawe alirekodi kutoka dirishani, sekunde chache tu, gari laonekana kwa nyuma. Amenipa nikaitazame. Gari laonekana kweli na namba yasomeka nusu.

Afande, nusu ya namba yatosha?

Kijana wa Mtopanga, nimemsomea yako. Ameuliza kitabu cha hesabu kilikuwa ni kipi, asema yeye anacho cha form 3 cha kakake, kimechakaa jalada lakini kurasa zote zimo.